Baba Mkwe Katika Hema la Uyoga

Mzee Andongwisye hakumpora mkwe wake chumba. Alibeba kiti chake, akaingia, akakaa, basi. Kwa mila ya kwao, Wandali wa Ikinga huko Ileje, mke wa mtoto hawezi kuwa mahali alipo baba mkwe. Hamtazami usoni, hatamki jina lake, hazungumzi naye ila kwa kupitia mtu mwingine, na wakikutana njiani ni mwanamke anayeingia majanini mpaka mzee apite. Wenyewe huita kuogopa. Kwa hiyo mzee akishakaa pahali, pahali hapo pamekuwa pake. Hakuna haja ya kugombana. Makalio yanatosha.

Tusiwasingizie Wandali wote. Wengi siku hizi wameilegeza mila hiyo, wengine wameiacha kabisa, na hata wanaoishika wana mlango wa kutokea. Baba mkwe humwita mkwe mbele ya ndugu, humpa kitu kwa mkono wake mwenyewe, kitenge au kuku, humsalimia kwa jina, na tangu siku hiyo wanakula na kucheka kama watu wengine. Wanasema amemfungua. Mzee Andongwisye alikuwa na wakwe wengine wawili kule Ikinga, na wote aliwafungua mapema. Ferista peke yake ndiye aliyeachwa. Kosa lake la kwanza ni kwamba alikuwa Mnyiha wa Hasamba, binti wa mkulima wa kahawa, ambaye Gibson alimwoa bila kumwuliza baba yake. Kosa la pili ni kwamba alikuwa hajazaa.

"Akizaa nitamfungua," mzee alimwambia binti yake Yunisi, kwa sauti ya kufika jikoni. "Nimfungue mti mkavu nipate nini?"

Ferista alikuwa jikoni akichambua mboga. Alisikia, na alijua amesemewa asikie.

Waliishi Chapwa, pembeni mwa mji wa Tunduma, katika nyumba ya Gibson. Gibson alikuwa dereva wa lori la shaba, wa kwenda Kongo na kurudi Dar es Salaam, na nyumbani alikuja kulala tu. Yunisi, dada yake, aliachika akarudi kwa kaka yake, akawa anauza mitumba mpakani tangu asubuhi hadi jua linazama. Mzee mwenyewe alikuja kutibiwa kifua. Kifua kilipopata nafuu hakuondoka. Ikawa kutwa nzima nyumba ni ya watu wawili, mzee na mkwe ambaye haruhusiwi kuonekana.

Na yule mzee alikuwa na roho mbaya, tusipake asali. Aligundua upesi kwamba mila aliyozaliwa nayo ni rungu zuri. Alingoja Ferista aingie bafuni na ndoo yake, ndipo alipokitoa kiti chake uani na kukiweka juani, kikitazama mlango wa bafu. Akamenya chungwa. Akalila pande baada ya pande. Ferista akabaki ndani, maji yamemkaukia mwilini, nguo za kuvaa ziko kwenye kamba nje, meno yanagongana kwa baridi. Siku moja mzee alikaa hivyo mpaka Yunisi akarudi kutoka mpakani.

"Baba, wifi yuko bafuni," Yunisi alimwambia.

"Kwani nimemzuia? Mimi naota jua."

Akaondoka taratibu, akicheka kifuani. Yunisi naye alicheka kidogo. Hilo ndilo lililomuuma Ferista kuliko baridi.

Mahali pamoja tu katika nyumba ile aliweza kunyoosha mgongo. Palikuwa ni kile chumba cha nyuma, kilichojengwa kiwe stoo, chenye mlango wa kutazama uani. Humo ndani alikuwa na hema. Gibson alilinunua Kitwe kwa Mzungu mmoja wa mgodini aliyekuwa anauza vitu vyake arudi kwao. Lilikuwa la kitambaa kigumu cheusi, ndani linang'aa kama sufuria mpya, refu kumpita mtu, lina zipu kubwa mbele na matundu ya kupitishia mabomba. Yule Mzungu alilitumia kuoteshea maua. Ferista alilitumia kuoteshea uyoga, ule mweupe unaoitwa mamama, baada ya kuhudhuria mafunzo Vwawa.

Uyoga si kama mahindi. Ferista alipenda kuwaeleza watu jambo hilo, na kwa kuwa watu hawakumsikiliza, alilieleza hema. Mmea wa kijani hula hewa chafu ukatoa nzuri, lakini uyoga unapumua kama sisi, unavuta hewa nzuri na kutoa ile nzito, kaboni dayoksaidi, ambayo hutulia chini na kujaa. Isipotolewa, uyoga unakosa pumzi. Shingo zinarefuka zikitafuta hewa, vichwa vinabaki vidogo, mwishowe unageuka rangi na kuoza. Basi alitoboa ukuta chini karibu na sakafu, akapitisha bomba la kukunja, akafunga feni ya kuvuta ile hewa nzito na kuitupa nje. Upande wa juu aliacha tundu la kuingizia hewa mpya, akaning'iniza gunia alilolilowesha maji, ili mwezi wa kumi jua linapochoma mabati, hewa iingie imepoa na ina unyevu. Wakati wa baridi gunia alilitoa. Ndani ya hema alitundika kidude alichopewa pamoja na hema, cha kupimia hiyo hewa. Hewa ikichafuka kilipiga kelele, pii, pii, mpaka mtu afungulie.

Hakuna aliyemfundisha kuvipanga hivyo vyote. Aliharibu mifuko mingi ya mabua na pumba kabla hajapatia. Alipopatia, alikuwa akifungua zipu ile asubuhi, anakuta vishada vya uyoga vimekaa juu ya mifuko kama masikio, vinene, vyeupe, na moyo wake unajaa. Humo ndani hakufunika kichwa. Humo aliimba nyimbo za kwaya kwa sauti yake yote. Ukimwuliza ana nini duniani, asingetaja nyumba wala mume. Angetaja hema.

Mzee alimsikia akiimba. Kesho yake akabeba kiti.

Alianza kwa kukaa chumbani, karibu na hema, kwa sababu mabua yanapochacha hutoa joto na chumba kile kilikuwa na joto kuliko vyote. Baada ya siku chache akahamishia kitanda. Ferista akawa anavizia. Mzee akienda chooni, yeye anaingia mbio, ananyunyiza maji, anakata uyoga uliokomaa, anatoka. Mzee alipoligundua hilo, akaanza kwenda chooni na kurudi njiani, ili amsikie mwanamke anavyokimbia.

Halafu akaichukia feni. Alisema inavuma kama lori linalopanda mlima, inamletea upepo miguuni. Akachomoa waya. Ferista akiona ametoka, anachomeka. Mzee akirudi, anachomoa. Kidude kikilia, anapenyeza mkono hemani, anakivika soksi.

Mazao yakaonyesha. Ferista alipopeleka kapu kwa Mwanaasha, mama wa Kitanga mwenye mgahawa karibu na mpaka, yule mama alikung'uta uyoga mezani akautazama kwa huzuni.

"Ferista mwanangu, hizi ni shingo za twiga. Kofia ziko wapi? Wazambia wangu wakija kutaka bowa, ndivyo wanavyouita uyoga, wanataka nyama yake, wanataka kofia. Hizi nikiwapikia watasema nimewapa nyuzi."

"Feni ilisumbua, mama."

"Basi itengenezeni. Ukiniletea za zamani, mimi nachukua zote, kila ukivuna. Ukiniletea hizi tena, nitamtafuta mwingine."

Ferista alirudi nyumbani kwa miguu akilia. Mtu akimwuliza, alisema ni vumbi la malori.

Siku ileile aliingia. Mzee alikuwa amelala kitandani, amegeukia ukutani, anakoroma. Feni imezimwa. Ferista akajifunika kitenge mpaka machoni, akaingia kwa ncha za vidole, uso umeelekea ukuta mwingine, akainama kuchomeka waya. Mkoromo ukakatika. Mzee hakuwa amelala. Alikuwa amemngoja.

"Kumbe," alisema.

Hakupiga kelele. Alivaa koti, akatoka, akaenda kukaa barabarani akawaeleza wapita njia kwamba mke wa mwanawe amemfuata kitandani. Aliwaeleza wauza mkaa, akawaeleza bodaboda, akamweleza Osea fundi wa kuchomelea mageti, jirani yao. Kisha akampigia Gibson huko Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, na Gibson akampigia mkewe.

"Kwa nini uliingia?"

"Kuchomeka feni."

"Feni tu? Ferista, mimi niko foleni huku. Usiniletee aibu. Toa anachotaka yaishe."

Mzee alitaka mbuzi wa kumsafisha macho, na atoke kwa wazazi wa mwanamke. Baba yake Ferista, mzee Rabson, akamleta mwenyewe kutoka Hasamba, amesimama naye nyuma ya pikapu njia nzima. Mzee Andongwisye akamfungua mbuzi mdomo, akamtazama meno, akasema mnyama huyu ni mzee kuliko yeye, warudi walikotoka. Ferista alikuwa amejificha nyuma ya jiko. Aliona miguu ya baba yake kupitia upenyo wa mbao, viatu vyake vya kanisani, ikigeuka na kuondoka pamoja na miguu ya mbuzi. Siku hiyo kitu kilikatika ndani yake. Hakulia hata kidogo, na kutolia huko kulimtisha.

Mbuzi wa pili alikubaliwa. Gibson alikuwapo, Yunisi alikuwapo, na kutoka Ikinga alikuja Anyosisye, mdogo wake mzee, kumla mbuzi. Walikula uani. Anyosisye aliulizia chumba cha joto alichosimuliwa, akaonyeshwa, akasifu. Mzee alipomaliza kunyonya mfupa alifuta vidole akanena.

"Nasema mbele yenu nyote, na aliyejificha huko anasikia. Hata nikiwa nakata roho, huyu asiingie nilipo."

Gibson akaitikia, "Tumesikia, Baba."

Mwezi wa saba ukaingia na upepo wake. Tunduma ikikaa katika baridi hukaa hasa. Ukungu unatambaa juu ya malori, madereva wanawasha moto kando ya barabara, watu wanavaa makoti juu ya makoti. Mzee alianza kulala na jiko la mkaa chumbani. Dirisha alilifunga, na tundu la kuingizia hewa akalizibia kwa blanketi kuukuu.

Ferista aliogopa, na hapo alimwogopea kweli, chuki na yote. Kule Vwawa mwalimu aliwaonya kuhusu mkaa kwa maneno mazito. Alisema mkaa uliokolea ndio mbaya zaidi, kwa sababu hauna moshi wa kukufukuza. Hewa yake haina harufu. Inamlaza mtu, na mtu anaona raha tu ya usingizi. Ferista akamweleza Yunisi, Yunisi akaenda kusimama mlangoni pa chumba kile, na Ferista akasikiliza akiwa nyuma ya ukuta.

"Baba, wifi anasema jiko na dirisha kufungwa haviendi pamoja. Anasema hewa yake inaua."

"Inaua uyoga wake."

"Anasema hata mtu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Tangu lini mkwe akamfundisha baba mkwe kupumua? Mimi nimezaliwa kwenye baridi ya Ileje. Nimelala na moto maisha yangu yote, na baba yangu vilevile. Mwambie mkaa ukishakolea hauna ubaya. Anataka kunitoa kwa ujanja, mwanamke huyo, arudi kuimba."

Ni kweli alilala na moto maisha yake yote. Lakini nyumba alizolala zilikuwa za miti na nyasi, upepo unapita hapa unatokea kule, hata ukiwasha kuni usiku kucha utaamka na macho mekundu tu. Hakuna mtu wa Ikinga aliyewahi kulala na moto ndani ya chumba kilichozibwa kisipitishe hewa. Mzee alipima mambo ya leo kwa nyumba ya baba yake, na si yeye peke yake anayefanya hivyo katika baridi ya huku kwetu.

Yunisi alirudi jikoni akainua mabega. "Mimi nimesema. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia."

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua nyembamba, ile isiyonyesha wala kuacha. Yunisi alikwenda mpakani. Gibson alikuwa njiani. Ferista alipika ugali na maharage, akauacha kwenye kigoda mlangoni pa mzee, akakohoa kumjulisha, akajiondoa. Akamsikia mzee akila. Akamsikia akichochea jiko. Kisha akasikia sauti aliyoijua kuliko sauti ya mume wake, zipu ya hema ikifunguka kuanzia chini hadi juu.

Alisimama na sufuria mkononi. Mzee alikuwa hajawahi kuingia ndani ya hema lenyewe. Akasikia mifuko ikisukumwa, mmoja ukaanguka, mwingine ukaanguka. Akasikia miguu ya kiti ikiburuzwa. Akasikia jiko likiwekwa chini, chuma juu ya sakafu. Alielewa. Chumba kimekuwa baridi mno kwa mzee, na hema ni dogo, linashika joto upesi. Zipu ikashuka kutoka juu hadi chini.

Hakuna feni iliyokuwa inavuma.

Kitambo kidogo kidude kikaanza kulia, pii, pii, kikiwa kimefifia ndani ya soksi yake.

Ferista aliweka sufuria chini. Mawazo yake ya kwanza yalikuwa juu ya mifuko iliyoanguka, kwa sababu ilikuwa ile inayoanza kutoa vichwa, mavuno ya Mwanaasha. Wazo la pili ndilo lilikuwa la mzee. Tunayataja kwa mpangilio huohuo, maana ndivyo yalivyokuja, na yeye mwenyewe alijua ndivyo yalivyokuja.

Angeweza kuingia. Mlango haukuwa na kufuli. Ilikuwa ni kuvuka uani, kuvuta zipu, kumshika mzee kwapani na kumburuta nje. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu, alibeba magunia ya pumba kila wiki. Alifika hata mlangoni. Hapo akaona viatu vya baba yake vikigeuka na kuondoka. Akaona mbuzi wa tatu. Akamsikia mzee barabarani akiwaeleza wauza mkaa kwamba safari hii amemkumbatia.

Angeweza kumwita Osea. Fundi alikuwa upande wa pili wa ukuta, mashine yake ya kukatia vyuma ikipiga kelele, ingetosha kupaza sauti mara moja. Ferista alifungua mdomo. Alisikia mashine ikizimwa, kukawa kimya kizuri kabisa cha kuitia mtu, na ndani ya kimya hicho kidude kikilia pii, pii. Akaufunga mdomo. Mashine ikaanza tena.

Ndipo alipofanya yote ambayo mila inamruhusu. Alikwenda nyuma ya jiko, akajifunika kichwa, akaketi chini, akatoa simu na kumpigia Yunisi. Mkwe akiwa na neno kwa baba mkwe, hulipitisha kwa mtu mwingine. Alilipitisha.

"Wifi, naomba umwambie Baba afungue dirisha."

Kule kulikuwa na kelele za sokoni, Yunisi akibishana na mtu kwa Kibemba cha kuokoteza. "Nani? Dirisha? Ah, wifi, na wewe. Nina wateja hapa. Nikirudi nitamwambia."

"Utarudi saa ngapi?"

"Kama siku zote tu."

Ferista alijua siku zote ni lini. Neno lilikuwa mdomoni mwake, jepesi tu, kwamba mzee amejifungia ndani ya hema na jiko. Maneno machache, na Yunisi angemwita Osea yeye mwenyewe. Aliliweka chini ya ulimi.

"Haya, wifi," alisema. "Ukirudi mwambie."

Akakata simu. Furaha ikampanda, hatutaficha, furaha ya moto ya mtu aliyeshinda, na nyuma yake hofu. Akaanza kuosha vyombo. Aliosha vilivyo safi. Upande wa chumba mzee alikohoa mara moja, kwa mbali, kikohozi cha mtu anayegeuka usingizini. Ferista alikaza kukwangua sufuria kwa mchanga. Alijiambia mzee ataumwa kichwa tu, atatoka mwenyewe akitapika, labda atakoma. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila alipojiambia alikuwa anasikiliza kama bado kuna kikohozi.

Kidude kililia mpaka betri ikachoka.

Yunisi aliporudi na mzigo wake kichwani, alimkuta wifi yake nyuma ya jiko amejifunika, ametulia. "Baba amekula?" aliuliza. Ferista akasema amekula. Yunisi akaenda kupeleka ule ujumbe.

Mzee alikuwa ameketi kitini, ameegemea mifuko ya uyoga, uso mwekundu kama wa mtu aliyetoka juani. Hospitali walisema ni hewa ya mkaa, na kwamba kila msimu wa baridi wanawaona wa namna hiyo. Hawakuuliza zaidi.

Walimsafirisha kwenda Ikinga kumzika, milima ya Ileje imevaa ukungu. Ferista alikaa na wanawake, kitenge usoni, na safari nzima alingoja mtu aseme. Alijua mwenye kusema ni Yunisi. Yunisi ndiye aliyepokea simu, ndiye anayejua saa. Siku tatu nne za matanga Ferista hakula kitu kikashuka, na usiku alikuwa anaota uani kumejaa watu na yeye yuko bafuni.

Baada ya kuanua tanga wanaume waliketi mbele, wanawake wakakaa kando ya mgomba, na Anyosisye, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, akauliza kaka yake alikufaje. Yunisi akasimama.

"Baba aliingia na jiko mahali pasipo na hewa," Yunisi alisema. "Nyumbani alikuwako wifi peke yake. Alijua ile hewa ni mbaya, alishatuonya. Lakini Baba alimkataza kuingia alipo, mbele yenu, mnakumbuka. Basi hakuingia. Alinipigia simu mimi, akaniomba nimwambie Baba afungue dirisha. Mimi ndiye niliyechelewa. Nilimkuta wifi amejifunika, ameketi nyuma ya jiko, anangoja mtu wa kumpelekea neno lake." Yunisi alishindwa kuendelea. Alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli.

Ferista alikitazama kidole cha mguu wake akangoja.

"Mmesikia," Anyosisye alisema hatimaye. "Siku hizi wakwe wanakaa kochi moja na baba wakwe zao wanaangalia televisheni. Wanawaita kwa majina. Huyu si hata wa kabila letu. Huyu aliambiwa asivuke kizingiti, na kifo kilipokuja hakuvuka kizingiti. Kaka yangu alimdhania vibaya. Alikufa akiheshimiwa kuliko mzee yeyote wa Ikinga."

Wazee wakaguna kukubali. Mama mmoja akamshika Ferista mkono na kuubusu. Gibson alifuta macho. Ferista alihema, na ilikuwa pumzi ya kwanza ya kujaa kifua tangu siku ile. Ameokoka. Chumba ni chake. Palepale chini ya kitenge alishaanza kufikiri mifuko ipi itaokolewa, feni ataifunga upande gani, na lini atampelekea Mwanaasha kofia nene nyeupe.

"Na mimi nina neno," Anyosisye aliendelea. "Mke wangu alitangulia. Miguu yangu inakataa baridi ya huku. Gibson, mimi ni baba yako kama yeye alivyokuwa. Ukinipokea, nitakwenda Tunduma nimalizie siku zangu kwa mkwe mwenye adabu. Kile chumba chenu cha joto nilikiona. Jiko nitaliacha, msiwe na wasiwasi. Hilo hema mtaling'oa, mimi nakaa na kitanda changu tu."

"Karibu, Baba," Gibson alisema.

Yunisi alimgeukia wifi yake, machozi bado mashavuni, anatabasamu. "Umesikia? Amekupenda."

Ferista alijibu kwa sauti nyembamba, na Yunisi alilazimika kuinama kumsikia.

"Muulize kama atanifungua."

Yunisi akalipeleka swali mbele ya wanaume. Anyosisye alicheka kwa upole, kama mtu aliyeulizwa na mtoto.

"Nimfungue? Mkwe kama huyu? Kitu kizuri namna hii nakiharibuje?"

Wanaume wakacheka, na Gibson akacheka nao.